Kutu ya ngano na kipimo cha DNA: kufanana siyo usalama

Kuna habari imekuwa ikizunguka sana kwenye magrupu ya kilimo, kwamba siku hizi kuvu inayoleta ugonjwa wa kutu kwenye ngano inapimwa DNA hukohuko karibu na shamba kwa kamashine kanakoingia kwenye begi la mgongoni, majibu yanatoka ndani ya saa 48. Kipimo chenyewe kinaitwa MARPLE, kilianza kujaribiwa Ethiopia kwenye kutu ya manjano, baadae kikapelekwa Kenya na Nepal. Watu wameipokea kwa namna mbili. Kuna wanaoshangilia, eti sasa ugonjwa utagundulika mapema na njaa basi tena. Halafu kuna wanaosonya, mkulima anataka dawa na mbegu nyie mnamletea mambo ya DNA. Mimi naona wote wameshika mkia wakadhani wameshika ng'ombe. Kwanza mkulima hahitaji DNA kujua ngano yake ina kutu, akipitisha kidole kwenye shina kinatoka chekundu kama alikuwa anashika bati bovu. Alama za vinasaba zinajibu swali jingine kabisa: hii kuvu ni ya ukoo gani, imetokea wapi, na inazaana vipi. Na jibu linaloeleweka vibaya kuliko yote ni pale maabara inaposema "sampuli zote zinafanana", maana hapo watu wanashusha pumzi wakati ndio pa kukaza mkanda.

Hebu tuelewane kwanza hizo alama ni kitu gani. Kila mtu mjini anajua habari za kupima DNA ya mtoto, basi kanuni ni ileile. Kwenye DNA ya kuvu kuna sehemu vipande vifupi vinajirudiarudia, kwa huyu herufi zimerudiwa mara nane kwa yule mara kumi na moja, na kuna sehemu nyingine herufi moja tu ndiyo imebadilika. Unachagua sehemu kadhaa kama hizo, unasoma kila sampuli ina nini, halafu unalinganisha. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, lakini alama hizi hazina adabu ya wahenga, zinamtaja baba mbele za watu. Cha kushika hapa ni kwamba sehemu nyingi zinazotumika hazina kazi yoyote kwenye ukali wa ugonjwa, zinachaguliwa kwa sababu zinatofautiana kati ya ukoo na ukoo na kurithiwa bila upendeleo. Yaani zinakuambia undugu. Kama kuvu itaiua mbegu yako au haitaiua, hilo zenyewe hazijui.

Sasa njoo kwenye mfano ambao uko mlangoni kwetu. Mwaka 1998 kwenye mashamba ya majaribio ya Kalengyere, Uganda, ngano iliyokuwa na kinga inayoitwa Sr31 ilikutwa na kutu ya shina, ndugu wa ile ya manjano. Hiyo Sr31 ilitoka kwenye nafaka ya rai, ilikuwa imesambazwa kwenye ngano karibu dunia nzima na kwa miongo kadhaa hakuna kutu ya shina iliyokuwa imeipita. Sampuli zilipochambuliwa mwaka 1999 kuvu ikapewa jina Ug99, yaani Uganda 99, jina ambalo Waganda nadhani wangependa lingekuwa la nchi nyingine. Mwaka 2001 ikaonekana Kenya, 2003 Ethiopia, 2006 Sudan na Yemen, 2007 Iran, Tanzania ikathibitishwa 2009. Mzee Norman Borlaug, yule mtaalamu wa mbegu za ngano aliyepata Nobeli ya amani ya 1970, alikuwa ameshapita miaka tisini alipopiga kelele mwaka 2005 kwamba hii kitu isichukuliwe poa, na ndipo pale Njoro, Kenya, kikaanzishwa kitalu cha kimataifa cha kupima ngano kutoka nchi nyingi, mbegu zinapandwa makusudi kwenye kutu ili ionekane ipi inasimama ipi inalala.

Na ni Kenya hiyohiyo iliyotoa somo ambalo ndio kiini cha makala hii. Mwaka 2006 ikaonekana Ug99 yenye uwezo wa kuipita kinga nyingine, Sr24. Mwaka uliofuata ikaichakaza mbegu ya Kenya Mwamba ambayo wakulima wengi walikuwa wameihamia kwa sababu ya kinga hiyohiyo. Mwaka huohuo wa 2007 ikatokea nyingine iliyoipita Sr36. Halafu sampuli za 2014 zikaonyesha ndugu zake wengine wameipita SrTmp, na mbegu ya Robin iliyokuwa inapendwa kwa mavuno yake ikaanza kuonekana na kutu shambani. Ukichukua kuvu hizi zote ukazipima kwa alama za vinasaba, unakuta ni ukoo mmoja, zinafanana karibu kama mapacha, na hata zilizopatikana Afrika Kusini na Zimbabwe ziligundulika kuwa za ukoo huo. Mtu ambaye hajui angesoma ripoti hiyo akasema aah, kuvu ni moja tu, tofauti hakuna, tumeshaijua. Wakati shambani hiyohiyo kuvu moja imeshavunja kinga nne.

Inawezekanaje? Fikiria mlinzi wa getini ambaye anamjua mwizi kwa kofia yake nyekundu. Siku mwizi akivua kofia anapita huku mlinzi anamsalimia shikamoo, na ukimpima mwizi DNA ni yuleyule wa jana. Kinga nyingi za ngano zinafanya kazi hivyo, kila jeni ya kinga inatambua kitu kimoja tu ambacho kuvu inakitoa, na kuvu ikipoteza au kubadilisha kitu hicho kimoja mchezo umekwisha. Ni badiliko dogo sana, sehemu moja tu ya DNA, alama zako za undugu hazitaliona kabisa. Na kwa sababu shamba moja lililoshambuliwa linamwaga spora, yaani chembe ambazo kuvu inazaana nazo, nyingi kupita hesabu, na upepo unazibeba kutoka nchi hadi nchi, nafasi ya mmoja wao kuvua kofia haikosekani. Ndio maana nasema kufanana siyo usalama. Kufanana maana yake ni kwamba kuvu inajizalisha kwa nakala bila kuoana, na kila nakala inayobahatika inasambaa na mzigo wote wa uwezo ambao babu zake walishaukusanya, haianzi sifuri.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, la kuona ugonjwa mmoja ukadhani ni ukoo mmoja. Mwishoni mwa 2013 kule Bale, kusini mwa Ethiopia, kutu ya shina ililipuka kwenye mbegu inayoitwa Digalu, zaidi ya hekta 10,000, kuna mashamba hayakutoa kitu. Digalu ilikuwa imesambazwa kwa nguvu kwa sababu ilisimama vizuri mbele ya Ug99 na mbele ya kutu ya manjano iliyoitesa Ethiopia mwaka 2010, kwa hiyo wazo la haraka la wengi likawa Ug99 imebadilika tena. Vipimo vya ukali pamoja na alama za vinasaba vikasema hapana, hii ni aina inayoitwa TKTTF, siyo ya ukoo wa Ug99 kabisa, ni familia nyingine. Ona tofauti inavyokuwa kubwa. Kama ingekuwa Ug99 imebadilika, unatafuta mabadiliko ya ndani ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa ni familia nyingine, swali linakuwa imeingilia wapi, upepo wa upande gani, na nchi gani nyingine ziko kwenye njia hiyo. Na kweli mwaka huohuo wa 2013 mmea mmoja tu wa ngano ulikutwa na kutu ya shina Suffolk, Uingereza, nchi ambayo ilikuwa haijaiona kwa karibu miaka 60, walipousoma wakakuta ni wa kundi hilo la Digalu. Ethiopia ilikuwa imejenga ngome upande ambao adui hakuja.

Nataka nikae kidogo kwenye asili ya Ug99 yenyewe, maana hapa ndio utaona alama zinatufikisha wapi na zinaishia wapi. Kuvu ya kutu ikiwa kwenye ngano kila seli yake ina viini viwili, kimoja kutoka kila upande wa wazazi, vinakaa pamoja bila kuungana kama wapangaji wa nyumba moja ambao kila mtu ana sufuria yake. Kwa miaka mingi alama za kawaida zilikuwa zinaisoma DNA yote kwa pamoja, na Ug99 ilionekana kama imedondoka kutoka mbinguni, haifanani na ukoo wowote unaojulikana. Mwaka 2019 watafiti wakachapisha kazi ambayo ndani yake walitenganisha viini hivyo viwili wakasoma kila kimoja peke yake. Kikatoka kitu cha ajabu: kiini kimoja cha Ug99 kinalingana na kiini cha kutu ya ukoo wa zamani uliofika Australia mwaka 1954, ukoo ambao chimbuko lake linaaminika kuwa kusini mwa Afrika. Kiini cha pili ni cha mgeni. Maana yake kuvu mbili zilikutana kwenye jani moja, nyuzi zao zikashikana, wakabadilishana viini, na hapakuwa na ndoa. Yaani bila kule kuoana kwa kawaida kunakofanyika kwenye kile kichaka cha Berberis.

Hicho kichaka nakitaja kwa sababu ndio msingi wa sera nzima ya kutu. Kutu ya shina inaoana kwenye Berberis, na Marekani mwaka 1918 walianza kampeni kubwa ya kuking'oa kwenye majimbo yao ya ngano, na baada ya hapo idadi ya aina mpya kule ilipungua sana. Kwa hiyo ikajengeka imani kwamba bila Berberis hakuna kuchanganyika, na bila kuchanganyika hakuna mshangao mkubwa. Ug99 ikasema hapana, mimi nimechanganyika na sikuhitaji kichaka chenu. Sasa mtu atauliza, hiyo inamhusu nini mkulima wa Basotu au Narok? Inamhusu kwa sababu nyanda zetu za juu ngano ipo shambani karibu mwaka mzima, ukivuna huku wenzako wanapanda kule, koo mbalimbali za kutu zinakutana kwenye majani yaleyale, na koo zinazokutana zinaweza kubadilishana viini. Ile kuvu iliyoiangusha Digalu na Ug99 kuwa jirani siyo habari ya kupita tu.

Turudi kwa wale wanaosonya, maana hoja yao inapendwa sana na nisipoijibu nitaonekana nimeikimbia. Wanasema pesa ya mashine iende kwenye dawa ya ukungu, mkulima apulize amalize. Hii ndio hoja dhaifu kuliko zote, na blasti ya ngano ndio inayoiumbua. Blasti ilianza kuonekana kwenye ngano Paraná, Brazili, mwaka 1985, inashambulia suke lenyewe, linakauka jeupe mbegu zinabaki makapi. Mwaka 2016 ikatokea Bangladesh ghafla kwenye hekta kama 15,000, na msimu wa mvua wa 2017/18 ikaonekana Mpika, Zambia. Mpika ni pale reli ya TAZARA inapopita, ukiendelea na njia hiyo unaingia Tunduma, Tanzania. Watafiti wakachukua seti ya alama 84 wakapima mamia ya sampuli pamoja na kusoma DNA nzima za baadhi, matokeo yaliyotoka 2023 yakaonyesha Bangladesh na Zambia wameingiliwa na ukoo uleule wa nakala kutoka Amerika Kusini, lakini kila nchi kwa safari yake, siyo kwamba ilitoka Asia ikaja Afrika. Na hapohapo ikajulikana kwamba ukoo huu bado unakufa kwa dawa za kundi la strobilurini, wakati Brazili dawa hizohizo zimeshazoeleka na kuvu nyingi kule hazishtuki. Sasa wewe unayesema pulizia tu, utapulizia nini kama hujui umeletewa ukoo gani? Ungeiga ratiba ya dawa ya Brazili au ya Bangladesh? Dawa bila kujua ukoo ni kubahatisha kwa pesa ya mkulima, na bei ya lita moja kule dukani mnaijua.

Kazi hiyohiyo ilionyesha jambo jingine ambalo kwa kweli linaninyima usingizi kuliko Ug99: kuvu hiyo ya blasti ina uwezo wa kuoana na koo za kuvu ya jamii yake ambazo tayari ziko Afrika. Na blasti siyo mgeni kwetu, muulize mkulima yeyote wa ulezi. Ikibaki nakala tupu tunaijua, na kinga moja inayoitwa Rmg8 inaizuia. Ikianza kuoana huku kwetu tutakuwa na kuvu ambayo kila msimu inachanganya karata upya. Macho peke yake hayataliona hilo, suke lililokauka ni suke lililokauka. Wa kwanza kuonyesha ni alama, pale ambapo sampuli zilizokuwa zinafanana zinaanza kutoka mchanganyiko.

Kuna hoja ya pili, hii ni nzito na nakubali sehemu yake. Watafiti wa zamani wa kutu, wale waliozeeka wakipaka spora kwenye miche, wanasema alama za vinasaba hazikuambii kuvu itavunja kinga gani, kwa hiyo mtu akifunga kitalu ananunua mashine amejipofusha. Kweli tupu. Jina kama TTKSK, ambalo ndilo la kitaalamu la Ug99 ile ya kwanza, siyo jina la DNA, ni matokeo ya kupaka kuvu hai kwenye seti ya ngano 20 zenye kinga tofauti na kusoma ipi imeugua ipi imesimama, kila herufi inasimamia ngano nne. Siku hizi baadhi ya zile "kofia" za kuvu zimeshajulikana kwenye DNA, zile zinazotambuliwa na Sr35 na Sr50 ziliwekwa wazi 2017, kwa hiyo chache unaweza kuzisoma moja kwa moja. Ila ni chache mno ukilinganisha na kinga zilizopo. Kwa hiyo anayeuza mashine kwa kusema itachukua nafasi ya Njoro anadanganya, na anayesema Njoro inatosha naye anasahau kwamba kitalu kinakuonyesha kinga imevunjwa bila kukuambia aliyevunja ametoka upande gani. Msimamo wangu ni kwamba viwili hivi ni pua na mdomo.

Halafu kuna wasiwasi wa sampuli zetu kupelekwa nje, kwamba tunatoa vimelea vyetu halafu faida inabaki huko. Nauheshimu huo wasiwasi. Ila angalia kinachofanyika: kutu hai ni hatari kusafirisha, maabara zinazoipokea kutoka nje ni za kuhesabu, moja iko Denmark chuo kikuu cha Aarhus, nyingine St. Paul, Minnesota, na hao wa Minnesota kuvu ya kigeni wamekuwa wakiifanyia kazi miezi ya baridi kali, ili ikitoroka ikute theluji. Jani lililotumbukizwa kwenye spiriti ya maabara limekufa, spora haziwezi kumuua mtu ngano yake, lakini DNA ipo. Na ukiwa na uwezo wa kusoma alama hapahapa, hilo jani halihitaji hata pasipoti. Kwa hiyo anayeogopa kuibiwa ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kudai mashine iwe Arusha, Mbeya au Njoro.

Ninachokiona mimi ndio tatizo halizungumzwi na upande wowote, maana halina mvuto. Ni sampuli. Ukichukua majani hamsini kwenye shamba moja utapata nakala hamsini za kuvu moja, utaandika "utofauti ni mdogo" na utakuwa hujapima nchi, umepima shamba. Doria nyingi zinafuata barabara ya lami, gari linasimama kila baada ya kilomita kadhaa, na mashamba ya wadogo kule ndani ambako mbegu za kila namna zimechanganyika hayafikiwi, wakati pengine ndiko koo zinakokutana. Halafu kila sampuli inatakiwa iende na habari zake: shamba lipi, tarehe, ngano iko hatua gani, na zaidi ya yote ni mbegu gani. Alama zikikuambia huu ni ukoo wa Ug99 na hujui ulikutwa kwenye mbegu gani, umepata jina la mwizi hujui amevunja nyumba ya nani. Mwenye mbegu zenye kinga kadhaa zilizorundikwa pamoja anahitaji kujua mapema kama mojawapo imeanza kupitwa, na hilo linapatikana pale tu karatasi ya shambani inapolingana na majibu ya maabara.

Niliwahi kuwepo shambani kwa baba mdogo upande wa Karatu siku alipokuja bwana mmoja wa kukusanya sampuli, ofisi yake nitaiacha. Alikata mashina matano mazuri, mekundu mpaka unasikia kuwashwa, akayatia kwenye mfuko wa nailoni badala ya bahasha ya karatasi, akayatupa kwenye dashibodi juani akaendelea na safari yake. Kutu kwenye nailoni inatoa jasho na kuota ukungu mwingine, na baada ya siku mbili hapo unapima DNA ya uozo. Baba mdogo akamuuliza, mwanangu majibu tutayapata lini, akajibiwa mtajulishwa. Mimi nikachungulia ile fomu aliyoijaza juu ya boneti. Tarehe ilikuwepo, jina la kijiji lilikuwepo. Pale pa jina la mbegu alikuwa ameandika neno moja: ngano.